Siku Papa Aliporudi Mezani

Karata zilifika nyumbani kwetu mwaka niliomaliza sekondari. Muuza simu mmoja wa karibu na soko alikuwa akivuka ziwa kwenda Kigoma kuchukua bidhaa, na safari moja alirudi na maboksi ya karata ambazo hapa Kalemie hakuna aliyewahi kuziona. Hazikuwa zile za mfalme na malkia. Kila moja ilikuwa na picha yake na nguvu yake: mamba, radi, askari wa zamani, ukuta wa mawe. Unanunua chache, unabadilishana na wenzako, mpaka unajitengenezea fungu lako la kupigana nalo. Mimi nilipata langu, lakini sikuwa na mtu wa kucheza naye. Rafiki zangu walisema hayo ni mambo ya wavulana.

Aliyekaa chini kucheza nami ni Papa, baba yangu. Alikuwa amestaafu kazi ya bandarini, na alishinda uani akifungua redio za watu, nyingine hata hazikuwa zimeharibika.

"Nifundishe," akasema. "Lakini usinihurumie."

Sikumhurumia, na baada ya muda si mrefu yeye ndiye aliyekuwa hanihurumii. Alicheza kama mtu anayefukuza mbuzi shambani: kushambulia tu, bila kuangalia nyuma. Kila karata aliipiga mezani kwa kiganja na kuisemesha. "Nenda kazi," aliiambia. Mara nyingi alipoteza kwa sababu hakuacha kitu cha kujilinda, lakini siku aliyoshinda, watu waliacha michezo yao kuja kumwangalia.

Maana tulikuwa na mashindano. Muuza simu aliyaandaa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika ukumbi mdogo kule chini, karibu na ziwa. Walikuja wanafunzi wa chuo, fundi pikipiki mmoja, mwalimu wa hesabu, na sisi wawili. Papa alikuwa mzee peke yake. Mama hakuja hata siku moja. Alikuwa na meza yake ya samaki wakavu, mikebuka, sokoni, na zile karata aliziita "makaratasi yenu". Tukirudi jioni, Papa na mimi tukibishana njia nzima, Mama alitupakulia bukari bila kuuliza nani ameshinda.

Mimi nilikuwa mtoto wa Papa, na mtaa mzima ulijua. Mambo yangu nilimweleza yeye tulipokuwa tunachanganya karata, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka wenyewe. Mama nilimpenda. Ila na yeye tulizungumza habari za chumvi na sabuni.

Halafu ziwa likapanda. Maji yaliingia kwenye avenyu za chini, yakaangusha nyumba za watu, na ukumbi wetu ukajaa mpaka madirishani. Mashindano yakafa. Wakati huohuo nilipata kazi katika duka la dawa huko Lubumbashi. Kabla sijaondoka niliuweka mchezo kwenye simu ya Papa, kwa kuwa ulikuwepo mtandaoni pia, nikamwonyesha namna ya kuniita na mahali padogo pa kuandikiana tukiwa tunacheza.

"Papa, uko?" niliandika kila jioni nikitoka kazini.

"Niko," alijibu.

Miaka ilipita hivyo. Mtandaoni hakuna kiganja kinachopiga meza, hakuna sauti. Karata inateleza tu kwenye kioo. Lakini nilijua ni Papa upande wa pili, na chumba changu cha kupanga hakikuwa kitupu sana. Kwa simu ya kusema hakuwa mzungumzaji. Angeuliza, "Uko muzima? Kazi inaendelea?" halafu angempa Mama simu, na Mama angenihesabia nani amefiwa na nani amejifungua.

Kuna wakati alicheza vibaya sana, nikamwandikia, "Papa, leo umelala." Baadaye akabadilika. Yule mtu wa kufukuza mbuzi akaanza kujenga kuta. Aliweka karata moja, akangoja. Akaweka nyingine, akangoja tena, mpaka mimi mwenyewe nikakosa subira nikamrukia, na hapo ndipo aliponimaliza. Niliandika, "Papa, siku hizi unaogopa?" Akajibu, "Nimezeeka." Nilicheka. Niliwaambia wenzangu kazini kwamba baba yangu amezidi akili uzeeni.

Mchumba wangu aliponiacha, familia yake ikiwa tayari imekwisha kuja kujitambulisha, nilimwandikia Papa yote katikati ya mchezo. Niliandika hata yale ambayo nisingeweza kuyasema kwa mdomo. Jibu lilichelewa mpaka nikadhani rezo ya simu imekatika. Kisha likaja: "Pole mwanangu. Leo usikule peke yako. Enda kwa jirani." Nilikwenda kwa jirani, nikala, nikalala. Nilijiambia hakuna baba kama huyu.

Mwaka jana muuza simu alituandikia wote. Parokia ilikuwa imempa ukumbi wa juu, mlimani, mahali ambapo maji hayafiki, na mashindano yalikuwa yanarudi. Nilimwandikia Papa palepale. "Nitaomba ruhusa. Nitakuja, tuingie pamoja." Jioni hiyo hakujibu, wala ya pili. Ya tatu akaandika, "Usijisumbue. Kazi yako njo ya maana." Nikaona ni ile aibu ya wazee ya kutotaka kugharimu watoto. Nikapanda ndege.

Nilifika Ijumaa alasiri. Papa alikuwa amekaa uani, amenyolewa vizuri, shati safi. Alisimama, akanishika mikono yote miwili, akatabasamu. "Karibu, karibu," akasema. "Umetoka mbali." Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yaleyale. Nilianza kumpa habari za Lubumbashi, na kila alichonijibu Mama alikimalizia. Papa akisema, "Ndiyo, kule," Mama anaongeza, "Kule kwenye duka la dawa, anajua." Nilidhani Mama amenikumbuka tu. Wakati wa kula Papa aliniita kwa jina la dada yake, marehemu shangazi yangu. Watu wote husema ninafanana naye. Nilicheka na yeye akacheka.

Asubuhi Mama alivaa kitenge chake cha kanisani.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Naenda na ninyi."

"Mama, wewe? Kwenye makaratasi?"

Alimfunga Papa vifungo vya koti, kimoja kimoja, na tukapanda mlima polepole.

Ukumbi ulikuwa na harufu ya rangi mpya. Wale wanafunzi walikuwa sasa ni watu wazima, mmoja amekuja na mtoto mgongoni. Walimzunguka Papa. Fundi pikipiki alimwambia, "Papa, huko mtandaoni umetutesa. Ulijifunza wapi kungoja namna ile?" Papa aliwacheka wote, akawapa mkono mmoja mmoja, kama chifu. Nilijisikia fahari mpaka kooni.

Walimpanga na kijana wa chuo mwenye heshima. Mimi nilipangwa meza ya jirani, lakini mpinzani wangu alikuwa hajafika, kwa hiyo nilisimama kumwangalia. Nilimchanganyia fungu lake la zamani. Alizichukua karata, akazifungua mkononi kama upepeo, vizuri kabisa, kidole gumba mahali pake. Kijana akaweka karata yake na kungoja.

Papa alizitazama zake. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akachukua karata ya yule kijana, akaiweka pamoja na zake, akaanza kuzipanga zote kwa rangi. Nyekundu na nyekundu. Kijani na kijani. Alifanya kwa uangalifu mkubwa, na akageuza moja iliyokuwa imekaa kichwa chini.

Kijana aliniangalia. Nilidhani Papa anatania. Nilikuwa karibu kucheka.

Hapo Mama akainama nyuma ya kiti cha Papa, akaweka mdomo karibu na sikio lake. Nilikuwa karibu, nilimsikia.

"Weka ile ya ukuta," akasema. "Halafu ngoja."

Sijui kueleza kilichonipata. Nilimwona Mama, kidole chake cha sokoni kikionyesha karata bila kusita, na nikajua. Jioni zote zile zilinipitia kichwani kwa wakati mmoja. Papa aliweka ukuta. Kijana, kwa huruma, alirudisha karata yake mezani akaendelea kana kwamba hakuna kitu. "Sasa mamba," Mama akanong'ona. "Hapana, si huyo. Huyu."

Mwamuzi, yule mwalimu wa hesabu, alikuja taratibu. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, samahani. Muchezaji hasaidiwi." Mama akajiondoa nyuma, mikono akaikunja kwenye kitenge. Papa akabaki peke yake na karata zake. Alimtafuta Mama kwa macho, akamkosa, kwa sababu alikuwa nyuma yake. Akaniona mimi.

"Dada," akaniambia, "hawa watu wametuitia nini?"

Nilimshika mkono nikamwinua. Kijana alizikusanya karata za Papa, akazinyoosha, akanipa kwa mikono miwili.

Nyumbani, Papa alipolala mchana, nilimkuta Mama uani akichagua mchele.

"Tangu lini?" nikauliza.

Aliendelea kuchagua. "Ilianza polepole. Alikuwa anaamuka asubuhi, anaenda bandari kama muntu wa kazi. Walinzi wanamurudisha. Kisha siku moja simu ikalia, ni wewe, unauliza, Papa, uko? Akaniletea simu. Akasema, huyu anataka nini? Alikuwa analia. Nikaandika, Niko." Alitupa jiwe dogo pembeni. "Nilifikiri ni siku moja tu."

"Na kucheza?"

"Nilipoteza sana. Haukuniandikia, Papa leo umelala? Nikajifunza, nikicheza na wale wengine pia. Sikujua kupiga kama yeye. Nilijua kungoja."

"Mama, kwa nini haukuniambia?"

"Ungeacha kazi."

"Ningeacha, ndiyo."

"Njo maana." Nilidhani amemaliza. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Na tena wewe haukuwa unaniambiaka kitu. Tangu mudogo. Mambo yako yote niliyajua ndani ya ile simu. Ukiandika Papa, mimi ninasoma. Siku ile ya yule bwana, nililia hapa, peke yangu, na sikuweza kukupigia, maana haukuniambia mimi."

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu. Nilikuwa na haki ya kukasirika, na hasira haikuja. Kilichokuja ni kitu kingine ambacho mpaka leo sijakizoea. Papa alikuwa ameondoka na mimi sikumlilia. Aliondoka katikati ya wiki fulani, kati ya mchezo na mchezo, na nilimjibu mtu mwingine nikiendelea kucheka. Nilichukua simu, nikaanza kurudi nyuma kwenye maneno yetu, nikitafuta mahali ambapo "Niko" ya Papa inaishia na "Niko" ya Mama inaanza. Zilikuwa sawasawa.

"Nionyeshe," nikamwambia Mama. "Nionyeshe ya mwisho ya kwake."

Alisukuma simu kwa upande wa mkono, vidole vikiwa na unga wa mchele. "Usinilazimishe," akasema. "Sikumbuki. Na kama ningekumbuka singekuonyesha."

Tulikaa hapo mpaka Papa alipoamka akaomba chai.

Niliacha kazi Lubumbashi, kama Mama alivyoogopa, na sasa niko kwenye duka la dawa hapa mjini. Ninamwogesha Papa asubuhi, kwa sababu mgongo wa Mama unauma. Siku nyingine mimi ni dada yake, siku nyingine ni muuguzi, na siku moja alinishukuru kwa adabu na kuniuliza kama nina wazazi. Nilimwambia ninao wote wawili. Akasema hiyo ni bahati.

Mwanzoni nilijaribu kumwalika Mama kwenye mchezo, mimi nikiwa chumbani na yeye jikoni. Simu ililia kule, ikanyamaza. Nilipomuuliza alisema, "Mimi sikupendaka ile muchezo." Nilitoka nikakaa karibu naye, nikajaribu kumweleza kwa mdomo jambo moja lililokuwa linanisumbua kazini. Nilianza, nikakwama. Aliningoja. Alingoja vizuri, mikono imetulia, na bado maneno hayakutoka. Mwishowe aliniuliza kama chumvi imebaki.

Jumamosi ya kwanza ninapanda mlimani peke yangu. Watu wananisalimia, wanauliza hali ya Papa, ninasema yupo. Yule kijana wa chuo hunichagulia kiti karibu na dirisha, kwenye hewa. Ninacheza, na siku hizi ninashinda mara nyingi, kwa sababu nimejifunza kuweka ukuta na kutulia. Nikishinda, mkono unakwenda wenyewe kwenye simu mfukoni. Ninaushika pale, ndani ya mfuko, mpaka wanatangaza meza inayofuata.