Matundu Ishirini na Manne ya Ng'washi

Siku ng'ombe wa Mayige alipokufa, Ng'washi alikuwa shambani akipalilia pamba, na habari ilimfikia kama zinavyofika habari mbaya zote za Ngulyati: mtu alipita bila kumsalimu.

Mtu mwenyewe alikuwa Domitila, jirani yake kwa miaka thelathini, ndoo ya maji kichwani. Alipofika usawa wa shamba akageuzia uso upande wa pili, kana kwamba kwenye majani makavu kule kuna harusi.

"Mwadila, Domitila," Ng'washi akamsalimu.

Domitila akaongeza mwendo. Maji yakamwagika mgongoni, naye hakujifuta.

Mwanamke wa miaka sitini na minane, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa samadi aliyopikia tangu ubinti, haelezwi mara mbili. Kwao macho mekundu ni cheti cha uchawi; ukiwa nacho hakuna anayekuuliza ulisomea wapi. Shangazi wa Ng'washi alikuwa nacho. Alikatwa mapanga mlangoni kwake, na baada ya mazishi Ng'washi ndiye aliyefagia pale mlangoni. Alifagia mara tatu. Basi aliposimama katikati ya pamba na jembe mkononi, hakujiuliza kuna nini. Alijiuliza ni lini.

Kilichomponza kilikuwa nyumbani, juu ya kifuniko cha kihenge chake cha mahindi.

Ng'washi alifagia ofisi moja mjini Bariadi kwa miaka kumi na mmoja. Siku ya kuagwa wakubwa walihutubu saa nzima juu ya mchango wake mkubwa kwa taifa, wakampa kanga moja, na kwa kuwa wiki hiyo walikuwa wakitoa takataka stoo, wakamwongezea sanduku la chuma. Bapa, la kijivu, refu kama mkono hadi kiwiko. Usoni lilikuwa na matundu ya mraba yaliyopangwa mstari, kila moja na namba yake na kitaa kidogo kilichokwisha kufa. Hakuuliza ni la nini. Chuma kizito hakikosi kazi. Akaliweka juu ya kifuniko cha kihenge ili mbuzi wasikifunue.

Mwanzoni lilikuwa kicheko cha kitongoji kizima. Sayi, mzee aliyefika darasa la saba na kwa hiyo akajiona mshauri wa mambo yote, alilitazama akatangaza kwamba ni mzinga wa nyuki wa kizungu, kila nyuki na chumba chake, maana wazungu hawapendi kubanana. Domitila akasema ni mtego wa panya, unanasa ishirini na wanne kwa mpigo. Mwingine akasema ni redio ya viziwi, ndiyo sababu ina taa na haina spika. Mlevi mmoja akaapa kwamba aliwahi kuliona parokiani: padri akizidiwa na wenye dhambi, kila mmoja anaungama kwenye tundu lake na wote wanasamehewa kwa pamoja. Ng'washi alicheka mpaka akashika mbavu.

Kisha vikaja vibao vya namba za nyumba. Kitongoji chao kikapigiwa vibao milangoni, moja hadi ishirini na nne. Hata hapo hakuna aliyewaza neno. Lakini wiki iliyopita nyigu walianza kujenga kwenye tundu la saba la sanduku, na Ng'washi, ambaye nyigu walishawahi kumvimbisha jicho, akachukua pamba kidogo akaliziba.

Nyumba namba saba ni ya Mayige.

Ng'ombe wake mmoja wa maziwa alianguka zizini asubuhi, tumbo limevimba. Mchana Sayi akapita kwa Ng'washi kuazima panga, hakumkuta, macho yake yakatua kwenye pamba. Akahesabu matundu. Akahesabu nyumba kwa vidole, alipokwama akaanza upya. Akatafuta na tundu la kumi na tisa, la Ng'washi mwenyewe, akalikuta safi, linang'aa. Aliondoka bila panga.

Jua likiwa bado juu, mwano ukapigwa, ule ukelele wa kuita watu kwenye hatari. Ng'washi aliusikia ukipokewa boma kwa boma. Ukapita boma lake, yeye hakuupokea. Alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, amekaa chini nyuma ya mlango.

Asubuhi yake walikutana kwenye uwanja wa kununulia pamba. Ng'washi aliambiwa aje na sanduku lake, na alilibeba mwenyewe kichwani, maana vijana wanne waliotumwa kumleta walikataa kuligusa. Walitembea nyuma yake. Njia nzima alikuwa akisikia kisogo chake.

Luhaga, mtemi wa walinzi wa sungusungu, aliyekuwa kijana mwenye haya hadi alipopewa filimbi, alisema hawataki kumwonea mtu. Watauliza wataalamu. Akampigia Joakim, fundi wa kompyuta wa ile ofisi ya mjini, akaweka sauti ya juu, akamweleza sanduku lilivyo. Ng'washi akavuta pumzi. Joakim alikuwa kijana mwema. Alikuwa akimwachia chai.

"Shikamoo baba," ikasema simu. "Hiyo inaitwa habu. Ya zamani sana, siku hizi haitumiki."

"Ilikuwa inafanya nini?"

"Inaunganisha watu. Kila tundu linakwenda kwa mtu mmoja. Ukituma kitu kutoka tundu hili, kinafika kwa wengine wote."

"Kinabebwa na nani?"

"Hakibebwi na mtu, baba. Kinapita tu. Hukioni."

Waliokuwa mbele wakarudi hatua moja, wakawakanyaga waliokuwa nyuma.

"Na tundu likizibwa?"

"Huyo wa tundu hilo hapati kitu tena. Ni kama hayupo."

Mke wa Mayige akaanza kulia kwa sauti ndogo. Luhaga akalamba midomo. "Na mwenye sanduku, anaweza kuona mambo ya kila mtu?"

"Akiwa mjuzi, anaona yote," Joakim akasema kwa furaha. "Kwani mnataka kulinunua?"

Luhaga akakata simu. Ng'washi alimtazama yule aliyekuwa tumaini lake akizimika kiganjani mwa mtu mwingine.

"Mayu," Luhaga akasema, akimwita mama huku macho yakiwa kwenye vumbi, "kanuni unaijua. Weka vifaa vyako hapa, na jua lisizame ukiwa Ngulyati."

Aliijua. Alijua pia barabara ya kwenda Maswa, bibi mmoja na furushi, na vijana wanaomfuata kwa mbali mpaka nyumba zinapoisha.

Akalishusha sanduku. Likagonga ardhi, na watu wote wakaruka pamoja.

"Nimeweka, baba. Nani anapokea?"

Hakuna aliyesogea.

"Sayi, wewe ndiye unayelijua," Luhaga akasema.

"Mimi nina mgongo," Sayi akasema.

"Litavunjwa," Luhaga akaamua. "Mayige, wewe ndiye uliyeumizwa."

Mayige akaja na shoka. Alikuwa hajalala, macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu siku hiyo, ila kwa mwanamume hiyo ni huzuni tu. Akainua shoka. Mkewe akamshika shati.

"Na sisi tukiwa humo ndani?"

Shoka likabaki hewani. Likashuka polepole, likalazwa chini kama mtoto.

Hapo ndipo Ng'washi alipoelewa, na alichokielewa kilimtisha kuliko shoka. Miaka yote tangu macho yabadilike alikuwa akikana. Kanisani, kisimani, misibani. Shangazi yake alikana hata panga likiwa juu yake, na kukana hakukumwokoa.

"Basi nitahama nalo," akasema. Hakuitambua sauti yake. "Nyumba zote ishirini na nne. Luhaga, yako ni ya tatu, siyo? Barabara ya Maswa ina mashimo. Mimi ni mzee. Nikijikwaa likaanguka, msije kunilaumu."

Filimbi ya Luhaga ilikuwa ikipanda na kushuka kifuani.

"Mayu," akasema, "hakuna aliyesema uhame leo."

Watu wakamfungulia njia, pana kuliko ya bibi harusi. Akarudi na sanduku kichwani, na safari hii hakuna aliyetembea nyuma yake.

Asubuhi iliyofuata alifungua mlango akakuta kibuyu cha maziwa kizingitini. Mayige alikuwa amesimama kwenye uzio wa minyaa, kofia mkononi.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa mbali, bila kusogea.

Ng'washi akainama akakinusa. Maziwa, au maziwa na kitu. Akiyamwaga, watasema amekataa amani. Akiyaacha, watajua anaogopa, na anayeogopa ni bibi tu, anakatika kama mabibi wengine.

Akakiinua kibuyu kwa mikono miwili, akanywa yote huku akimtazama Mayige juu ya ukingo, na Mayige akilitazama koo lake linavyopanda na kushuka. Kisha akajifuta mdomo, akaketi kizingitini, na kusubiri tumbo liseme.