Vali Mbili, Mlio Mmoja

Nakumbuka siku moja hapa Rumonge, miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Dada yangu Mwajuma alikuwa amejifungua, na mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto mpaka atimize arobaini yake.

Mumewe, mchuuzi wa mawese, alikuwa ameweka bafuni robine, koki ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi. Kila bomba lilikuwa na vali yake ya umeme ya kuruhusu maji. Ukibonyeza kitufe cha nje, vali zilifunguka zote mbili: ta, ta. Kuranti ya umeme ikikatika, zilijifunga zenyewe. Watu walitoka mpaka Minago kuja kuitazama tu.

Asubuhi hiyo mashini ya umeme ilizimika tukiwa katikati ya kazi. Maji yakakatika. Nikafunga robine kwa mkono, Mwajuma akabaki ameketi chini yake, mgongo wazi. Shemeji akawasha mashini, akabonyeza kitufe. Nikasikia ta. Basi.

“Fungua sasa!” akaita kutoka nje.

“Shemeji, imelia moja.”

Akacheka. “Hata salamu unaogopa kuitikia, leo umekuwa fundi? Fungua, mama mutoto atashikwa na baridi.”

Mimi nilikuwa mtu wa haya, mwanangu. Kile kicheko kilinitosha. Mkono wangu ukaenda kwenye robine.

Bibi Zena, mama yake shemeji, alikuwa pembeni akipasha mafuta ya kukandia. “Wewe, ngoja. Rudia ulichosema.”

“Imelia moja, bibi.”

“Mwajuma, toka hapo.”

Dada akasogea, nikafungua. Maji ya moto yakapiga sementi yakitoa moshi, pale pale alipokuwa ameketi. Bomba la baridi halikutoa hata tone.



“Haya, bwana mashini,” Bibi Zena akamwambia mwanawe, “iko ndoo hapa. Kachote maji ya baridi ziwani.” Shemeji akaichukua, akaenda mwenyewe.

Mwanangu, ukiona jambo haliko sawa, sema. Ukichekwa, sema tena, wala usiufuate mkono uliozoea kutii. Na utakapokuwa mkubwa wa nyumba, mwenye sauti ndogo akisema neno, mwambie arudie kabla hujamjibu. Mungu akupe moyo wa kusema, na asikukoseshe mtu wa kukusikiliza. Amina.