Majani ya Mlimani

Mama yangu alikausha ndagala, vile visamaki vyembamba vya ziwa letu, juu ya majani makavu aliyoyakata mlimani na kuyabeba kichwani. Jirani yetu, mwanamume wa mtaa wa Songo, alizianika zake mchangani. Mchanga hunata kwenye samaki, kikapu kinakuwa kizito. Alimwita mama "Mama Majani", na ufuo mzima ulicheka.

Kabla ya kuuza, mama alitafuna ndagala moja mbele ya mnunuzi, kisha akamwambia atie mkono chini kabisa ya kikapu, achague yake, atafune. Nikiwa mdogo nilimwuliza kama anafanya hivyo kwa sababu ya Mungu. Alinitazama kama mjinga. "Mutu akitafuna muchanga, harudi."

Uhuru ulipokuja, jirani alipiga kelele kuliko wote. Waasi walipokuja, akawa rafiki yao. Aliwaambia mama anauzia kambi ya askari wa serikali. Ilikuwa kweli, lakini yeye mwenyewe pia aliwauzia. Walimchapa mama fimbo palepale kwenye majani yake, wakachukua vikapu, mama akakimbilia milimani kwa miguu. Jirani alihamia mahali pake ufuoni.

Mimi nilikuwa mbali, chuo kikuu, nikibishana kuhusu haki. Niliporudi, serikali ilikuwa imeushika tena mji, na jirani alikuwa wa kwanza kuwapungia askari kitambaa cheupe. Mama alikuwa ameshuka, amekonda, mgongo una makovu. Niliandika barua ya kumshtaki jirani, kwa Kifaransa, kurasa mbili, ya kupeleka kambini. Nilijua barua kama hiyo inafanya nini. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa maneno machache kuliko yangu.

Mama alitaka nimsomee. Nilimsomea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Aliendelea kufunga majani.

"Bakimuua leo," alisema, "kesho batu batamulilia. Batasema ndagala zake zilikuwa tamu."

"Kwa hiyo unamsamehe?"

"Nani amesema kusamehe? Weye ulisoma nini kule? Miye namutaka iko muzima. Akae pale, aone."

Asubuhi iliyofuata aliweka kikapu kimoja hatua mbili kutoka kwa jirani. Hakumsalimu. Wanawake waliokuja kununua kwa ajili ya soko la Bukavu walisimama katikati yao. Mama alitafuna. "Tia mukono chini, dada. Tafuna." Mmoja alitafuna, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akatia mkono katika kikapu cha jirani. Sote tuliusikia mchanga kati ya meno yake. Alitema karibu na mguu wa yule mwanamume.

"Papa, unatuuzisha ziwa pamoja na ufuo wake?"

Walicheka, mama hakucheka. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, hatua mbili zilezile. Mvua zilipoanza, jirani alikuwa amekosa wanunuzi, akivuta nyavu za watu wengine kwa kibarua.

Siku moja alikuja nyumbani kwetu, kofia mkononi. "Mama, nisaidie na majani kidogo. Nitaanika vizuri."

"Majani iko mulimani, Papa. Pita ile njia ulinipitisha."

Alikwenda. Nilimwona akishuka alasiri, mzigo kichwani, shingo inatetemeka. Mama alichomoa jani moja, akalikunja. Halikuvunjika.

"Iko mabichi. Itaozesha samaki. Rudia."

Nilijua kwamba majani mabichi hukaushwa juani siku mbili tu. Jirani hakujua. Chuoni nilikuwa nimezoea kumhoji kila mtu. Siku ile nilikaa tu mlangoni, nikamtazama akipanda tena. Ile barua ilikuwa bado mfukoni. Niliitoa nikampa mama, akawashia nayo moto.