Uso wa Mzee Kwenye Boneti

Habari ziwafikie ndugu, jamaa, wakwe, majirani na wote wenye magari popote walipo: kliya ya gari jeusi la Mzee haijafa. Tunarudia, haijafa. Kliya, yaani lile koti la juu kabisa lisilo na rangi, linalolala juu ya rangi ya gari kama maji juu ya sahani, ingali hai, nzima, inang'aa, na inapokea wageni kila Jumamosi mchana. Heshima zote zimwendee mlinzi wake, mkwe wa nyumba hiyo, fundi polishi anayeitwa Kioo, mtu ambaye bega lake la kulia limejitolea mhanga ili sisi wengine tuweze kukagua meno yetu kwenye mlango wa gari. Wenye vigelegele wapige. Wenye kofia wavue. Kioo mwenyewe asisumbuliwe, amekaa kwenye ndoo.

Lakini tuanze na hilo bega. Wiki nzima Kioo hushika mashine ya polishi kwenye banda la kuoshea magari, nyuma ya kituo cha mafuta, na mashine ile si kitu cha kushikwa na mtu mwenye mipango mingine maishani. Inavuta kushoto, inavuta kulia, inataka kukimbia nawe ukiwa umeing'ang'ania. Jioni ukiizima inanyamaza, ila vidole vinaendelea. Mezani kijiko chake hugonga sahani ti-ti-ti-ti, na mkewe, ambaye ameishi na mtetemo huo tangu harusi, husema bila kuinua macho:

"Mume wangu, supu haihitaji polishi. Kunywa tu."

Kioo hacheki. Kicheko nacho kinataka nguvu, na zake zimebaki bandani. Siku hizi hata kupiga miayo anaona ni kazi ya ziada.

Jumamosi ndiyo ingekuwa siku yake ya kupumzika. Ingekuwa. Ila Kioo na mkewe wanaishi kwenye vyumba viwili vya uani, nyuma ya nyumba ya baba mkwe, bila kodi. Mzee hadai kodi. Mzee anadai mng'aro.

Mzee alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Hakuwahi kumhukumu mtu, lakini alikaa karibu na hukumu muda mrefu hadi zikamwambukiza. Akiomba apitishiwe chumvi, unajisikia kama umenyimwa dhamana. Gari lake alilinunua siku alipokabidhi meza, nalo haliendi popote zaidi ya duka la dawa na kurudi. Kazi yake halisi ni moja. Jumamosi mchana Mzee huvaa kofia, hutoka kibarazani, huinama mbele ya boneti na kujitazama. Akijiona vizuri, hugeuza kofia kidogo upande, husema "Bado nipo," na nyumba nzima hupumua. Akijiona ana kiwingu, wiki imekwisha hata kabla haijaanza. Chai haina ladha, redio ina kelele, na mkwe hana shukrani.

Kwa hiyo alitaka mashine. Maji na sabuni hakuviamini, aliviita porojo. Alitaka asikie mngurumo akiwa kwenye kiti chake, kila Jumamosi, kwa sababu kazi isiyopiga kelele, kwa Mzee, haijafanyika.

Kioo alijaribu kumweleza mapema kabisa, wakati bado alikuwa na nguvu ya kueleza mambo.

"Baba, gari hili halina haja ya mashine kila wiki. Kila ikipita na dawa yake ya kusugulia inakula kliya kidogo. Kliya ikiisha, imeisha, hairudi. Linataka kuoshwa taratibu, lipakwe nta, basi."

"Inakula kidogo?" Mzee akauliza.

"Kidogo, baba."

"Hata wewe unakula kidogo hapa kwangu, na bado hatujaisha. Washa mashine."

Akawasha. Akapiga polishi Jumamosi ile na nyingi zilizofuata, kila mara akichagua dawa laini kuliko zote na kukandamiza kama anayempapasa paka wa watu. Hata hivyo alijua hesabu inaelekea wapi. Jumamosi moja, baada ya wiki ya magari ya tope, alifika uani bega likiwa limekataa kupanda. Akaosha gari vizuri, maana kuosha unaweza kuosha ukiwa nusu umelala: ndoo moja ya sabuni, ndoo nyingine ya kusuuzia kitambaa ili mchanga usirudi kuchora rangi, na taulo laini la kukaushia. Akaliegesha kivulini, ubavu mmoja ukielekea kiti cha Mzee, ubavu mwingine ukielekea ukuta. Akaenda upande wa ukuta, akawasha mashine, akaiinua hadi kiunoni. Bega likasema hapana.

Kuizima hakuwezekani. Ikizimwa, sauti ya kibarazani huuliza papo hapo, "Vipi huko, umeme umekatika?" Kwa hiyo akaipunguza mwendo, akafunga kitufe izunguke yenyewe, akailaza juu ya mto wa kochi kuukuu uliokuwa umetupwa pale, na kuibana kati ya ukuta na goti. Dakika moja tu, akajiambia, akaketi kwenye ndoo. Kisha akaweka taulo safi juu ya mlango wa gari na kuegemeza kichwa. Taulo lilikuwa la kulinda rangi isikwaruzwe na nywele zake. Hata usingizini yule bwana ana adabu ya kazi.

Alizinduliwa na kikohozi cha Mzee kikija. Akazima mashine, akanyakua kitambaa cha nta, akakipitisha mwili mzima wa gari kama mtu anayefuta ushahidi. Mzee akainama mbele ya boneti. Akatazama. Akatazama tena.

"Leo," akasema, "umepita kiasi. Hivi ndivyo ninavyotaka siku zote."

Ndivyo alivyopata. Kuanzia hapo kila Jumamosi gari likaoshwa kwa mkono, likapakwa nta, na kinyesi cha ndege kikaondolewa kabla hakijala rangi, huku mto wa kochi ukipigwa polishi kwa kiwango cha kitaalamu. Kioo alijifunza hata kuusukuma kwa kisigino bila kufumbua macho, mngurumo ubadilike kidogo, Mzee adhani sasa amefika kwenye buti. Mkewe aligundua siku alipouokota mto ule akitaka kuufua.

"Huu mto mbona unang'aa hivi?"

Kioo akajifanya anakunja taulo. Mke akautazama, akamtazama, akaurudisha palepale.

"Angalau kuna kitu kimoja kwenye ndoa hii kinachong'aa," akasema, akaenda zake. Hakuna aliyeligusia tena jambo hilo. Usingizi ule ndio uliokuwa unamfikisha Kioo hadi Jumamosi nyingine, na mkewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sasa aingie shemeji. Kaka wa mkewe, mtu wa bima, mwenye tai hata akiwa nyumbani. Alinunua gari la aina ileile, jeusi vilevile, kwa sababu hakupenda baba yake amzidi kitu. Akanunua na mashine yake, akatazama video, na kila Jumapili akalisugua gari lile kwa ari ya mtu anayetafuta kitu kilichofichwa chini yake.

"Shemeji, wewe bado na midawa yako ya kubembeleza?" alikuwa akimtania Kioo. "Mimi nina kitu kinakata mpaka unasikia rangi inasema ahsante."

"Hongera, shemeji."

"Mbona unanijibu kama mgonjwa?"

"Nimechoka tu, shemeji."

Basi Jumamosi tunayoizungumzia, Kioo akiwa katikati ya kazi, yaani amefumba macho na mdomo umeachama, lango la uani likafunguliwa kwa kishindo. Akashtuka. Goti likaachia. Mashine ikaruka kutoka kwenye mto, ikakimbia sakafuni kama kuku aliyekata kamba, na kama waya usingeisha ingetoka barabarani kujitafutia maisha. Kioo akairukia, akaizima, akausukuma mto kwa mguu chini ya gari. Alipoinuka, shemeji alikuwa ameshaegesha gari lake pembeni, na nyuma yake kasimama mwanamke mnene mwenye ovaroli yenye madoa ya rangi za kila gari mjini. Mafundi wote walimjua kama Mama Rangi.

Boneti ya shemeji ilikuwa na baka jeupe katikati, limebabuka kingo zote, kama mgongo uliochomwa na jua.

Mzee akashuka kibarazani. Mama Rangi akatoa kidude kidogo kinachotosha kiganjani, ambacho ukikibandika juu ya bati kinakuambia rangi yake ina unene gani. Akakibandika kwenye boneti ya shemeji, akasonya.

"Bosi, hapa hakuna mgonjwa. Hapa kuna marehemu. Umesugua kliya ukaimaliza, ukahamia kwenye rangi."

"Nilifuata maelekezo!"

"Ya nani?"

"Ya kwenye video."

"Haya, mwite huyo wa kwenye video aje apake."

Shemeji akalegeza tai. "Hapana. Magari haya ndivyo yalivyo, rangi zake maji matupu. Pima la baba! Linapigwa mashine kila Jumamosi, miaka yote. Ukilikuta zima, niiteni jina lolote mnalotaka."

"Tumeshakuita," Mzee akasema. "Pima, mama."

Kioo akapiga hesabu. Kipimo kile hakidanganywi kwa mngurumo. Kikisema kliya ni nene, Mzee atajua kwamba mng'aro wake wote wa miaka hii ulikuwa usingizi wa mtu mwingine. Kwaheri ndoo, kwaheri taulo, na pengine kwaheri vyumba viwili vya uani. Akasimama amebeba mashine kifuani kama mtoto asiye na baba.

Mama Rangi akapima boneti. Akapima paa. Akapima kona nyembamba chini ya kioo cha pembeni, mahali ambapo hakuna mashine inayofika, akarudi kwenye boneti, akakunja uso.

"Ajabu. Tofauti yake ndogo mno. Hii gari, mzee wangu, mashine haijaigusa siku..."

Wakati huohuo alikuwa ameinama apime chini ya mlango. Akakisimamisha kipimo hewani. Chini ya gari, mto wa kochi ulikuwa unamtazama, uking'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mama Rangi akautazama mto. Akainua macho kwenye vidole vya Kioo, vilivyokuwa bado vinatetemeka juu ya mashine iliyozimwa. Yeye mwenyewe mabega yake hayakuwa mapya. Akajiinua polepole, ameshika kiuno.

"...haijaigusa siku hata moja kwa nguvu," akamalizia. "Ndicho nilichotaka kusema. Mzee wangu, huyu ana mkono mwepesi. Mwepesi kuliko wote niliowahi kuona. Ni kama hayupo kabisa."

Kioo akapumua. Ilikuwa imekwisha. Fundi mwenzake amemwokoa bila kuombwa, na kilichobaki ni kushukuru kwa macho na kurudi kwenye ndoo.

Lakini Mzee alikuwa ameivua kofia. Mzee kuvua kofia ni dalili mbaya. Huko mahakamani, alikuwa akisimulia, wote walivua kofia na kusimama kabla ya jambo kubwa.

"Nimesikia ushahidi," akasema. "Kliya ya mwanangu imekufa kwa pupa. Kliya yangu imeishi kwa mkono wa mkwe wangu, na mimi ni shahidi, masikio yangu yamesikia kila Jumamosi. Kwa hiyo nasema hivi. Kuanzia leo, Jumamosi ni gari langu kama kawaida. Jumapili ni la huyu, likishapakwa upya."

"Ahsante, baba," shemeji akasema haraka.

"Usiingilie. Na jioni za katikati ya wiki, mkwe wangu atamfundisha huyu, ana kwa ana, mpaka apate mkono. Na majirani nitawaambia mimi mwenyewe. Kipaji kama hiki hakifichwi uani."

Mkewe Kioo alikuwa ametoka na beseni la nguo, akasimama mlangoni. Akamtazama mumewe. Kioo aliona Jumapili ikiondoka, zikiifuata jioni za katikati ya wiki, kila moja ikimpungia mkono. Aliona mto, ambao sasa ungehitaji mwenzake. Mama Rangi akamkonyeza kana kwamba amemfanyia hisani kubwa, na kweli alikuwa amemfanyia. Kilichotakiwa ni kuinamisha kichwa na kusema, "Nimesikia, baba." Maneno mawili tu. Kioo akayatafuta, akaona ni mengi.

Mzee akaweka mkono juu ya bega lake, lilelile la kulia.

"Mwanangu, usione haya. Waambie hawa siri yako. Unafanyaje ukiwa huko nyuma ya gari, mpaka mashine inapita na kliya inabaki?"

Kioo akaishusha mashine chini.

"Nalala, baba."