Dirisha la Kushoto

Mtaani walimwita Bwana Kidevu. Jina hilo alilipatia kazini, maana hakuna mteja aliyekaa mbele ya kamera yake bila kuambiwa, "Kidevu juu kidogo. Kidogo. Hapo hapo." Watu waliokutana naye sokoni walikuwa wakiinua videvu kwa utani badala ya kumwamkia, naye akicheka na kushika njia yake. Kwangu mimi alikuwa Baba tu, na kila nikimkumbuka huanza na harufu ya dawa za kusafishia picha, iliyoganda kwenye mashati yake hata Mama ayafue vipi.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja kirefu. Mlikuwa na kigoda, kioo, kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisipate miguu, na koti moja jeusi la kuazima. Nusu ya wanaume wa mji wetu walipigwa picha ndani ya koti lile, wanene kwa wembamba. Wembamba Baba aliwabania mgongoni kwa vibanio vya nguo. Nyuma ya kigoda lilining'inia pazia lililochorwa bustani na ngazi za marumaru zisizoelekea popote. Upande wa barabarani mlango ulikuwa katikati ya madirisha mawili ya vioo, na humo ndimo alimopanga picha alizojivunia: maharusi, wahitimu, watoto wachanga wasiotaka kuangalia kamera.

Vita vilipoanza kule mpakani, mimi nilikuwa nimeshaanza kufundisha shule ya msingi, ila jioni nilikuwa nampitia Baba studio tufunge pamoja. Wateja wakabadilika ghafla. Vijana walikuja makundi kwa makundi na sare mpya ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya kiwandani. Kila mmoja alitaka nakala ya kumpa mama yake na nyingine ya mchumba, na Baba akiwaomba ruhusa aweke moja dirishani, walikubali kwa furaha. Basi dirisha la kulia likawa la askari. Kaka yangu naye alikuwemo, safu ya juu, amejikaza uso hadi tukamcheka.

Siku zile ungeona fahari imejaa barabarani. Watu walisimama mbele ya kioo wakionyeshana watoto wao. Redio ilisema mambo yanakwenda vizuri, na gazeti kubwa la mjini lilirudia maneno ya redio kwa herufi nene. Ukiuliza vita vitakwisha lini, watu walikutazama kama mwoga, au zaidi ya mwoga.

Kisha magari ya jeshi yakaanza kupita mitaani taratibu. Afisa alishuka, akaingia nyumba fulani, akazungumza na wazazi kwa sauti ya chini, na kabla ya kuondoka akawasihi wasikusanye watu. Gazetini hakukuwa na neno. Redioni hakukuwa na neno. Kila familia ililia peke yake ikidhani msiba ni wake tu.

Wa kwanza kuja studio alikuwa mama mmoja mshonaji, tuliyezoea kumwita Mama Cherehani. Mwanawe tulimwita Mrefu. Baba alilazimika kusogeza kamera nyuma hadi ukutani ili kofia yake iingie kwenye picha. Nilikuwepo siku ile. Baba alipomwona mlangoni na uso umemshuka, alielewa, akaenda dirishani moja kwa moja kuitoa ile picha.

"Usimtoe," Mama Cherehani akasema. "Waliokuja nyumbani wameniambia nisilie kwa sauti. Na wewe ukimtoa hapa, itakuwa kama sikumzaa."

"Nimfanyeje, dada yangu?"

"Muhamishe tu. Asikae na hao ambao bado wanasubiriwa."

 Baba akafungua dirisha la kushoto, akaondoa picha ya maharusi, akamweka Mrefu mahali pake. Hakuandika chochote. Mama Cherehani alitoka nje, akasimama kando ya barabara akatazama kwa muda mrefu, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Habari kama ile haihitaji tarumbeta. Wazazi wengine wakaanza kuja, baadhi wakitokea mitaa ya mbali. Mzee mmoja mwoka mikate alikuja na aproni yake ina unga bado, akanyoosha kidole tu kwenye picha ya mjukuu wake kisha akakielekeza dirisha la kushoto. Maharusi wakatoka, wahitimu wakatoka, watoto wachanga wakatoka. Dirisha la kulia likaanza kuonekana na mapengo, la kushoto likajaa. Hakuna aliyeeleza maana yake, lakini mji mzima ulijua. Mama yangu alikuwa akimletea Baba chai kila asubuhi, ingawa pale studio palikuwa na jiko. Alikuja kuhakikisha kwa macho yake kwamba kaka yuko kulia.

Nyumbani palianza kuwa na maneno. Mama alimwambia Baba kwamba anatafuta balaa mchana kweupe. Baba alijibu kwamba siasa haijui, yeye anajua mwanga na kivuli. Mama akamwambia watakaomkamata hawatamuuliza anajua nini.

Nao kweli walikuja. Afisa mmoja, mtu wa adabu zake, alisimama ndani ya studio mikono nyuma, akauliza kwa nini picha zimehamishwa. Baba akamwambia wateja wameomba. Afisa akasema kazi ya wateja ni kuomba picha, si kuvunja watu moyo, na kwamba ifikapo mwisho wa wiki dirisha la kushoto liwe tupu. Baba akamjibu, "Nimekusikia, mkubwa," akarudi kwenye kamera yake.  Ila niliona alivyoshindwa kufunga kifuniko cha lenzi.

Kesho yake alikuja mwandishi wa kike, binti mwenye mkoba wa turubai, kutoka gazeti dogo ambalo watu walilinunua kwa ajili ya mpira na bei za sokoni. Baba alimfahamu kwa picha za pasipoti. Alikuwa amesikia habari za dirisha na alitaka kulipiga picha, lakini kila akijaribu kioo kilimrudishia barabara, magari na watu waliosimama. Akamwomba Baba ampigie yeye.

Baba alivuka barabara akasimamisha kamera ya miguu mitatu mbele ya kibanda cha fundi viatu. Maisha yake yote alikuwa akipigana na miale ya vioo. Alijua kitambaa cheusi kishikwe wapi ili kioo kisionekane kabisa. Jioni ile Mama Cherehani na wanawake wengine walikuwa wamesimama mbele ya dirisha kama kawaida yao. Nilikuwa nimeshika kile kitambaa nikisubiri aniambie nikiinue. Alichungulia kwenye kamera, akasema, "Usikiinue. Waache waonekane." Akabonyeza.

Tuliisafisha picha ile pamoja kwenye kichumba cha giza alichokitenga nyuma ya pazia, chini ya taa nyekundu. Kwanza zilijitokeza sura za vijana. Baadaye juu yake, kama moshi, zikaja sura za mama zao, macho juu ya macho. Baba aliitoa kwenye maji, akaitundika, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akajifuta uso kwa kiwiko.

Mhariri wa lile gazeti dogo aliitoa ukurasa wa kwanza, kubwa, na chini yake akaandika tu kwamba ni dirisha la studio ya picha na kwamba picha za upande huu ni za wasiorudi. Ilipofika saa za mchana hungepata gazeti hata la kuazima. Watu walilisoma wakiwa wamesimama. Pale shuleni kwetu mwalimu mkuu, ambaye kila Jumatatu alitupa hotuba ya ushindi, alilikunja akalitia mfukoni.

Yule afisa na wenzake wakaja wakamtaka Baba aondoe picha, naye akaziondoa mbele yao, moja moja, akazirudisha kwa wenyewe. Dirisha likabaki kioo kitupu. Lakini Mama Cherehani aliipeleka ya Mrefu kwenye dirisha la duka lake. Mwoka mikate akaibandika ya mjukuu juu ya kabati la mikate. Kinyozi, muuza dawa, fundi saa, wote wakafuata, na baada ya muda tukasikia kwamba miji mingine pia inafanya hivyo. Ungemwambia nani aondoe, ungemwacha nani?

Magazeti mengine yalipoona lile dogo halijafungiwa, nayo yakapata ulimi. Yakaanza kuuliza idadi ya waliokufa. Redio za nje zikauliza, mbunge mmoja akauliza bungeni akazomewa, wiki iliyofuata wakauliza wengine na hakuna aliyezomea. Mwishowe serikali ikataja idadi, na ilikuwa kubwa kuliko hata tulivyoogopa. Swali la lini vita vitakwisha, lililokuwa la mwoga, sasa lilikuwa la kila mtu, kwenye foleni ya maji, kwenye benchi la hospitali, mdomoni mwa askari waliokuwa likizo. Mvua zilipoanza, wakubwa wa pande mbili walikuwa mezani. Kabla hazijakatika, bunduki zilikuwa zimenyamaza.

Yule mwandishi aliamini hadi uzeeni kwamba picha ile ndiyo iliyomaliza vita. Baba hakukubali. Alisema jeshi lilikuwa limechoka, hazina ilikuwa imekauka, na pengine wangeacha tu. "Lakini wangeacha lini?" mwandishi alimuuliza siku moja.

Kaka alirudi, amekonda, masikio wima muda wote, mtu wa kushtuka mlango ukibamizwa. Sasa ana wajukuu. Vijana waliorudi hawakutaka picha zao zikae dirishani tena, na Baba hakuwasihi. Aliwarudisha maharusi.

Siku hizi mahali pale wanauza vifuniko vya simu. Nikipita hupunguza mwendo, nikaikumbuka zaidi miaka ile iliyofuata, ya amani, ambayo hakuna gazeti lililoandika mambo yake. Mama Cherehani alikuwa akimaliza kazi anakuja studio, anakaa na Mama yangu wanawasema watu hadi jua linazama. Ndiye aliyenishonea gauni la harusi. Katika miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kupigwa picha, akisema sura yake haina haja ya ushahidi. Siku moja akaondoka kwenye benchi, akaketi kwenye kigoda na kumwambia Baba apige kabla hajabadili mawazo. Baba akajiandaa kwa makini yake yote, na wakati anabonyeza, Mama akasema kitu kuhusu kiatu cha Mama Cherehani na wote wawili wakaangua kicheko. Picha ikatoka imetikisika, mdomo wazi, mkono umepotea hewani. Baba alipiga nyingine nzuri, iliyotulia. Mama Cherehani akazitazama zote mbili, akachukua ile iliyotikisika, akaitia kwenye mkoba wake.