Duara Jeupe Kwenye Kigogo

Mtaani walimwita Bi Mbawakawa, na wale wenye midomo walimwita Mama Mende, wakicheka bila hata kusubiri apite. Hakuwajali. Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia mbawakawa adimu wa msituni, wadudu weusi wakubwa ambao watoto wao, mabuu, huishi miaka ndani ya mti uliokufa wakiutafuna polepole. Sheria ilikataza kuwagusa. Alikuwa akilaza sikio juu ya kigogo, na akisikia taya zao zikikwaruza, anakizungushia duara la rangi nyeupe ili asikipoteze vichakani.

Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Wezi wa kuni za kuchomea matofali walishajua kwamba penye duara jeupe pana mti mnene, mkavu, unaongoja msumeno tu. Vigogo vikaenda kimoja kimoja. Siku alipong'amua kuwa rangi yake ndiyo iliyowaongoza, alijizaba kofi, kofi la kweli, akanyakua tina ya kuyeyushia rangi na brashi ya waya, akakimbilia kigogo cha mwisho, kile cha mteremkoni. Kikienda hicho, mbawakawa wamekwisha.

Alikuwa bado anasugua aliposikia sauti nyuma yake.

"Dada, toka hapo."

Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa mdogo wake, Tinga, waliyenyonya naye ziwa moja, msumeno wa mashine begani.

"Kumbe ni wewe, mwanaharamu!"

"Si umenionyesha njia mwenyewe?" Tinga akacheka.

Kicheko kile kilimponza. Brashi ya waya ilimpitia shavuni, ikaondoka na ngozi. Akamwangusha dada yake chini, akampiga mateke ya mbavu. Naye akaung'ata mkono wake mpaka akaonja damu. Tinga alimburuta kwa nywele, akamtupa miibani na kuwasha msumeno.

"Mimi na mdudu, nani ndugu yako?" alifoka, akaanza kukata upande wa bondeni, mahali ambapo hata mtoto wa mkata kuni hasimami.

Kipande cha ncha kilipoachia, kigogo kilibiringika. Mfupa wa Tinga ulilia kabla yake mwenyewe.

"Dada! Kata! Nakufa, dada yangu!"

Mguu ulikuwa chini ya kigogo chote. Kukisukuma, dada alishindwa. Njia ilikuwa moja: kukipunguza uzito kwa kukikata katikati, palepale alipokuwa akilaza sikio. Aliuokota msumeno. Safari hii hakusikiliza. Mabuu walipasuka, majimaji meupe yakamrukia usoni pamoja na unga wa mbao, naye akalia huku akimtukana Tinga matusi yote aliyoyajua. Alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu, na hakuuachia msumeno mpaka kigogo kikagawanyika.

Hospitalini mguu ulikatwa hata hivyo.

Dada alipokwenda kumtazama, mbavu zake zikiwa zimefungwa bandeji, alibeba kopo la maziwa lililojaa mbao zilizooza. Aliliweka kitandani, pale shuka lilipolala bapa.

"Walibaki?" Tinga aliuliza bila kumtazama.

"Mmoja. Utamtunza wewe. Akifa, nakuja kuukata na huo wa pili."

Tinga alijua dada yake hatanii. Alilivuta kopo taratibu, akaliegemeza kwenye shavu lenye kidonda, akalilazia sikio.