Nyasi Zilizofunika Mashimo

Harufu ya nyasi zilizolowa mvua bado hunirudisha machimboni. Nilikuwa na miaka tisa wakati machimbo ya mawe yaliyoachwa nje ya Ruiru yalipogeuzwa kuwa hifadhi ya umma. Mama alikuwa mmoja wa wanawake waliopewa kibarua cha kung'oa magugu na kupanda upya nyasi za asili, na likizo ya Aprili alikuwa akienda nasi, mimi na dada yangu Njeri, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Nyasi zilikuwa zimenipita kimo, ncha zake za zambarau, na ndani yake panzi hawakunyamaza. Tulizunguka vijia vya changarawe nyekundu kutwa nzima, tukichungulia viota na kunyonya utamu wa maua. Mama alitukataza jambo moja tu: tusitoke njiani, kwa maana chini ya nyasi zile kulikuwa na mashimo yenye maji ambayo hayajafukiwa.

Mimi ndiye niliyetoka. Kware alikatiza mbele yetu na vifaranga wake, nikamfuata. Njeri aliniita mara mbili, kisha akaja kunirudisha. Nilisikia nyasi zikivunjika nyuma yangu, halafu maji. Nilipogeuka hakuwapo. Nilikimbia kwa Mama, nikamvuta sketi hadi shimoni. Wanawake waliunganisha leso zao zikawa kamba, lakini hakukuwa na mkono wa kuishika. Wanaume walimtoa alasiri, mguu mmoja hauna kiatu.

Mama alimfunika, kisha akanitazama. "Nani alitoka njiani?"

"Ni Njeri," nikasema.

Hakuuliza tena. Tulipomzika nyumbani kwa babu, kijijini Ngoliba, shangazi zangu walinong'ona kwamba mtoto yule alikuwa haambiliki, na kwa miaka mingi watoto wa ukoo wetu walionywa kwa kutajiwa jina lake. Nilikuwa nikiyasikia hayo huku nikila, nikilala, nikifaulu mitihani.

Mwaka jana, nikiwa sasa mama wa watoto wawili, nilimweleza Mama ukweli jikoni kwake. Aliendelea kumenya viazi mpaka vikaisha. Ndipo akasema polepole, "Miaka yote hii nimekuwa nikimkasirikia marehemu."

Siku hizi mashimo yamefukiwa, na Jumapili baada ya kanisa familia hupiga picha kwenye vijia vile na kusifu jinsi nyasi zilivyorudi. Mama hunipokea vizuri ninapomtembelea, hunipikia, huwabeba wajukuu wake. Mimi nilirithi jina la mama yake mzazi, ndiyo sababu tangu nizaliwe alikuwa akiniita maitu, mama yangu, hata aliponigombeza. Tangu siku ile ya viazi ananiita Wanjiku, kama majirani wanavyoniita.